Ndege wa Taita asiye na kwao kwingine

Kila alfajiri maelfu ya wafanyakazi humiminika kwenye malango ya EPZ, Athi River, kwenda kushona nguo zinazouzwa Marekani. Ndege wanaowaona hapo ni kunguru ukutani na jurawa chini ya paa. Lakini kwa wale waliotoka Taita, milimani kwao yuko ndege asiyepatikana popote pengine duniani.

Huyo ndiye apalisi wa Taita. Aliandikwa katika vitabu vya sayansi mwaka wa 1938 na Mwingereza Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani, Tanganyika. Ni mdogo kuliko jurawa, mgongo wake ni wa kijivu, koo jeusi na tumbo jeupe. Chakula chake ni wadudu, ambao huwasaka katika vichaka vizito karibu na ardhi.

Hapo ndipo penye taabu. Watu wanapoingia msituni kutafuta kuni na fito, au mifugo inapolishwa humo, vichaka ndivyo vinavyokwisha kwanza. Miti mirefu itabaki imesimama na mpita njia atasema msitu upo, kumbe apalisi hana tena pa kula wala pa kujenga kiota. Kuhama nako ni shida, kwani misitu hiyo imebaki vipande vipande katikati ya mashamba. Ngangao, kwa mfano, ni hekta 120 hivi tu.

Hesabu zilizofanywa mwaka wa 2001, kisha 2009 na 2010, zilionyesha kwamba ndege hao walikuwa wamepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Leo wamo katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Je, mkazi wa Athi River anahusika vipi? Wengi hutuma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi, na Desemba hupanda basi hadi Voi, kisha Mwatate na Wundanyi. Sehemu ndogo ya pesa hizo ikinunua miche ya kuni ya kupanda mpakani mwa shamba, au jiko linalotumia kuni chache, mama hatalazimika kuingia msituni.

Faida si ya ndege peke yake. Misitu hiyo hiyo hunasa ukungu na kulisha chemchemi ambazo wazee wetu na watoto wao huchota maji.