Mwangwi Unapoitangulia Sauti

UKIPIGA ukelele bondeni, sauti hutoka kwanza, mwangwi ukafuata. Ndivyo tulivyozoea. Lakini bila shaka umewahi kusikia wimbo ambamo mvumo mwembamba unaanza kwa mbali, unavimba kama wimbi linaloelekea ufuoni, kisha ghafla unakatika na mwimbaji anatamka neno lake la kwanza. Hapo mwangwi umeitangulia sauti. Si uchawi. Ni ujanja wa studio, nawe waweza kuufanya nyumbani.

Ujanja wenyewe ni wa enzi za kanda. Mpiga gitaa wa Uingereza, Jimmy Page, aliutumia mwaka wa 1967 akiwa na kundi la Yardbirds, kisha tena mwaka wa 1968 jijini London, bendi yake ya Led Zeppelin ilipokuwa ikirekodi albamu yake ya kwanza. Baadaye Page alisimulia kwamba fundi mitambo alimwambia jambo hilo haliwezekani, naye akashikilia lijaribiwe.

Kanda iligeuzwa, ikachezwa kinyumenyume, mwangwi ukanaswa kwenye njia tupu, halafu kanda ikarudishwa ilivyokuwa. Jasho lilitoka hapo! Ukiigeuza kanda ya njia nne, njia ya 1 huwa ya 4, na ya 2 huwa ya 3. Fundi akisahau hesabu hiyo, hunasa mwangwi juu ya sauti yenyewe, na sauti ikafutika. Mwimbaji keshakwenda zake, na vile alivyoimba siku hiyo havirudi tena.

Kompyuta imepunguza hatari hiyo, haikuiondoa. Kwa hivyo kabla ya lolote, weka kando nakala ya sauti asilia na usiiguse. Programu ya Audacity, ambayo hailipiwi, yatosha kwa kazi hii.

Kata nakala ya neno la kwanza la ubeti (si wimbo mzima, tafadhali). Mwanzoni mwake ongeza kimya cha sekunde chache, maana huko ndiko mwangwi utakakopata nafasi. Geuza kipande chote kiende kinyumenyume. Tia mwangwi, ukiiambia programu itoe mwangwi peke yake bila sauti. Kisha kigeuze tena. Neno sasa linakwenda mbele kama kawaida, lakini mwangwi wake umehamia mwanzoni. Sogeza kipande hadi kilele cha mvumo kiangukie pale neno la asili linapoanza, na ukikate papo hapo.

Urefu wa mvumo usiukisie. Wimbo wenye mipigo 120 kwa dakika huchukua sekunde 2 kwa mipigo minne. Wenye mipigo 80 huchukua sekunde 3. Mvumo wa kiasi hicho utaingia na mdundo. Ukipungua au kuzidi, msikilizaji atadhani mwimbaji amechelewa. Punguza pia sauti nzito za chini, zisije zikapigana na gitaa la besi.

Nyimbo nyingine za kwaya hufanyiwa hivi kila mstari, hata maneno hayashikiki. Anayetaka kujifunza wimbo huo atajifunzaje? Mara moja au mbili katika wimbo inatosha.

Na kama mwimbaji alivuta pumzi kwa nguvu kabla ya neno, ifute pumzi hiyo kwenye nakala kabla ya kugeuza. Ukiiacha, itafoka kama nyoka katikati ya mvumo.