Kiingereza cha shefu, Kifaransa cha chantier

Katika migodi yetu, toka Kolwezi mpaka Fungurume na Likasi, amri moja inaweza kupita midomo mitatu mbele ya kufika kwa mwenye kuitimiza. Shefu aliyetoka Afrika ya Kusini, Australia ao Zambia anaitoa kwa Kiingereza. Mtu wa katikati anaigeuza Kifaransa. Chef d'équipe anaishusha kwa Kiswahili mpaka kwa yule mwenye kushika mashini. Kila mdomo unaweza kuongeza kitu, na kila mdomo unaweza kuangusha kitu njiani.

Kiingereza cha makaratasi hakitusumbui sana. Contrat ao rapport inaandikwa pole pole. Traducteur anakaa na dictionnaire yake, anafuta, anaandika tena. Kinachosumbua ni Kiingereza cha mdomo, kile mtu anasema huku anatembea: "heads up", "just now", "hold it", "leave it with me". Ni maneno mafupi. Kila moja peke yake unalijua tangu secondaire. Yakikaa pamoja, yanasema jambo lingine kabisa.

Leo tunataka kuyachukua moja moja, tuone namna ya kuyapeleka katika Kifaransa ambacho watu wanasema kweli huku kwetu. Tunaandika juu ya wanaotumika mgodini, na pia juu ya bibi na watoto wanaowangojea nyumbani, kwa sababu maneno hayo mara nyingi yanafika mpaka mezani.

Kiingereza si mgeni wa jana

Wengine wanafikiri Kiingereza kimeingia Katanga juzi juzi. Hapana. Union Minière ilipozaliwa mwaka wa 1906, Waingereza wa Tanganyika Concessions walikuwa ndani pamoja na Wabelgiji. Mwaka wa 1910 treni ya kusini ilifika Élisabethville, na kwa njia hiyo walikuja pia wafanyakazi wa Rhodesia ya Kaskazini, ile tunayoita leo Zambia. Ndiyo maana mpaka leo mtoto wetu anabeba "buku", na usiku tunajifunika "blangeti".

Baadaye Kifaransa kilishika kazi yote. Serikali ilipochukua migodi mwaka wa 1967, na Gécamines ikazaliwa, wazee wetu walijua kazi kwa Kifaransa: poste, casque, tir, contremaître. Kisha Code minier ya 2002 ikafungulia kampuni za nje mlango, na Kiingereza kikarudi. Siku hizi hata shefu Mchina na ingénieur wetu mara nyingine wanakutana kwa Kiingereza, ijapokuwa hakuna hata mmoja wao aliyekinyonya kwa mama yake.

Katiba yetu ya 2006 inasema lugha rasmi ni Kifaransa, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa. Kiingereza hakimo. Lakini asubuhi, mbele ya kushuka ndani ya carrière, hicho ndicho kinachosikika.

Maneno ya kulinda kichwa

Tuanze na yale yenye haraka. Mtu akipiga kelele "heads up!", mwenye kutafsiri neno kwa neno atasema "les têtes en haut", na watu watainua uso. Ndiyo kusema watapokea jiwe machoni. Kifaransa chake ni kifupi: "Attention !" Kama kitu kinaanguka, ongeza pahali: "Attention, en haut !" Na shefu akisema kwa utulivu "I'll give you a heads-up", hapo hakuna jiwe. Anasema: "Je te préviendrai", ao kwa mdomo wa kila siku, "Je te ferai signe".

"Look out!" nalo halisemi "regarde dehors". Ni "Attention !" tu.

"Hold it!" ni baya zaidi. Mwenye kuendesha grue akiambiwa "tiens-le", ataendelea kushika mzigo hewani ao kuuvuta. Shefu alitaka asimame pale pale: "Stop ! Bouge plus !" Ndugu yake "hang on" ana nyuso tatu. Ndani ya gari lenye kuruka mashimo, ni "Accroche-toi !" Kwa telefone, ni "Ne quitte pas". Mbele ya mlango wa ofisi, ni "Attends un peu". Bila kuona mahali mtu anaposimama, huwezi kuligeuza.

"Fire in the hole!" limechekesha wengi, lakini si la kuchekesha. Ukisema "il y a le feu dans le trou", mtu mwenye roho nzuri atachukua extincteur akimbilie kule. Kumbe baruti iko karibu kulipuka, na kila mtu anapaswa kukimbia upande mwingine. Kifaransa cha kazi tunacho tangu wakati wa wazee: "Attention, tir !" Mwenye kulipua anaitwa boutefeu, na mahali pake ni zone de tir. Tusitafute lingine.

Kwa umeme, Kiingereza kinasema waya "live" ao "dead". Waya haina roho, haifi wala haiishi. Sema "sous tension" na "hors tension". Na kwa kelele ya haraka, "Touche pas, y a du courant !" linasikika kuliko yote.

"Just now": sasa, zamani, ao baadaye?

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo mitego imejificha.

Mwingereza akisema "I switched it off just now", anasema: "Je viens de couper." Amekwisha kukata. Mtu wa Afrika ya Kusini akisema "I'll switch it off just now", anasema: "Je vais couper tout à l'heure." Bado hajakata, na hiyo "tout à l'heure" yake inaweza kuwa nusu saa, inaweza kuwa mchana. Akitaka kusema karibu zaidi, anasema "now now". Sikio lililochoka, katikati ya kelele ya mashini, linachukua vipande viwili tu: "switch off" na "just now". Mkalimani anasema "c'est coupé". Fundi anapeleka mkono.

Tena Kifaransa chenyewe hakitusaidii sana. "Tout à l'heure" linakwenda mbele na nyuma: "je l'ai vu tout à l'heure", "je le verrai tout à l'heure". Na sisi vilevile, tukisema "nakuja sasa hivi", nani hajui kwamba tunaweza kuwa bado ndani ya bafu?

Kwa hiyo dawa ni kuacha neno la wakati na kushika tendo na saa. Mkalimani amuulize shefu: amekata, ao atakata? Saa ngapi? Kisha aseme kwa Kifaransa kisichoyumba: "Le courant sera coupé à 10 heures. Pour le moment, il y a encore du courant." Na fundi naye ana haki ya kuuliza kwa Kiswahili chake: "Shefu, courant iko ao haiko?" Hata jibu likiwa zuri, afuate consignation: afunge kwa cadenas yake mwenyewe, funguo ikae mfukoni mwake. Cadenas haihitaji mkalimani.

Causerie ya asubuhi

Kila siku kuna "toolbox talk". Hakuna mwenye kuzungumza na boîte à outils. Ni "causerie sécurité", ao "quart d'heure sécurité". Pale utasikia "near miss": ni "presque-accident", jambo lililokaribia kuumiza mtu. Ukisema "manqué", watu watafikiri kuna kitu kilichokosekana, na hawatalitangaza. Utasikia "housekeeping" pia. Mtu akiambiwa "faites le ménage", atacheka na kusema hiyo ni kazi ya nyumbani. Sema "rangez le chantier, dégagez le passage", na ufagio utaonekana mwenyewe.

"Take five" lina mambo mawili. Jioni, watu wamechoka, ni "on souffle cinq minutes". Asubuhi, mbele ya kuanza, katika migodi mingi ni mafundisho: simama, fikiri, tafuta hatari, panga namna ya kuikinga, kisha anza. Ukiligeuza "prenez une pause" wakati huo, umewapa watu ruhusa ya kukaa wakati walipaswa kuangalia dari na kamba.

Na "knock off"? "We knock off at four" ni "on finit à 16 heures". Lakini "knock it off!" ni "arrêtez ça, ça suffit !" Hayo ni maneno mawili karibu sawa: la kwanza linakutuma nyumbani, la pili linakukaripia.

Maneno ya mkate

Sasa tuingie nyumbani. Bibi anafika barrière kumtafuta mume wake, anaambiwa "he's off". Mume hakuzimika, wala hakutoroka: "il est de repos". Akiambiwa "he's on leave", ni "il est en congé". Lakini akisikia "he was let go", asifurahi kwamba wamemwacha aende kupumzika. Ni "il a été licencié", na mtaani watu watasema "on l'a viré". Kiingereza kimefunika kidonda kwa kitambaa laini. Mkalimani asiongeze kitambaa kingine. Mtu anapaswa kujua siku ile ile kwamba kazi imekwisha, ili adai haki yake. Na Code du travail yetu ya 2002 inataka kuvunja contrat kujulishwe kwa maandishi. Maneno ya mdomo, hata yawe matamu, hayatoshi. Omba karatasi.

Kijana aliyepeleka CV anaambiwa "we'll get back to you". Tusimwambie "on va revenir chez toi", akakaa wiki mzima akiangalia barabara. Ni "on vous recontactera", na kila mtu anajua hiyo si ahadi. Vilevile "we'll look into it" ni "on va voir ça". "Leave it with me" ni zito kidogo zaidi: "je m'en occupe". Mtu amechukua jambo mikononi. Andika jina lake na siku.

Kifaransa cha Paris, Kifaransa cha kwetu

Kuna wanaojua Kiingereza vizuri, lakini wanatafuta Kifaransa chao katika filme za Ufaransa. "It's not rocket science" wanaligeuza "c'est pas sorcier". Kule Paris ni sawa kabisa, hakuna atakayeshtuka. Huku kwetu, mwambie mzee neno "sorcier" mbele ya watu, uone. Yeye atasikia mulozi, na kikao kimekwisha. Sema "c'est simple", "c'est pas compliqué". "Piece of cake" vilevile: "c'est du gâteau" linapita, "les doigts dans le nez" uliache kule lilikotoka.

Hesabu pia. "Ninety" kwetu ni nonante, "seventy" ni septante. Hivyo ndivyo tulivyojifunza, na kwa radio hivyo ndivyo vinavyosikika upesi. Anayesema "quatre-vingt-dix" kwenye mawimbi mabaya anaweza kuandikiwa quatre-vingts, na camion kumi zimepotea kwenye karatasi.

Zaidi ya yote, kuna heshima. Kiingereza kina "you" moja tu, kwa mtoto na kwa mzee. Kifaransa kinataka uchague tu ao vous. Shefu wa miaka 30 akimwambia fundi mwenye mvi "you guys listen up", hakumtukana. Mkalimani akisema "tu m'écoutes, mon gars", tusi ni lake yeye mkalimani. "Écoutez bien, papa, et vous tous" linabeba amri ile ile, na linaacha mtu na heshima yake. Kama kuna mama ndani ya équipe, "les gars" haimfikii. "Tout le monde" inamfikia. Na yale matusi madogo ambayo wengine wanatia katika kila sentensi kama chumvi, yaache pale pale. Peleka amri, acha chumvi.

Kuuliza si haya

Mkalimani mwema hajiulizi "neno hili linaitwaje kwa Kifaransa?" Anajiuliza: "Huyu mtu anataka tufanye nini, wapi, saa ngapi?" Akipata jibu, Kifaransa kinakuja chenyewe, na Kiswahili kinafuata nyuma yake.

Na anayepokea amri asiitike kwa "oui, chef" kama hakusikia. Arudishe kwa maneno yake: "Donc, on arrête la pompe et on attend votre signal, c'est ça ?" Shefu akisema "yes", amri imefika. Akisema "no", ni bahati: kosa limekamatwa likiwa bado mdomoni, halijafika mkononi.

Kwa wazazi tunaongeza neno moja. Mtoto anayesoma Kiingereza shuleni msimwulize tu "table" inaitwaje. Mpeni maneno haya ya kazi ya baba yake, ayageuze Kifaransa, kisha Kiswahili, na baba asahihishe. Kila mmoja atamfundisha mwenzake. Na siku fundi atakaposikia "just now" karibu na waya, hatauliza kama shefu amesema vizuri. Atauliza saa, atafunga cadenas yake, kisha ataanza kazi.