Mkomazi: kiangazi si jibu la kila mtalii

Wasafiri wengi wa mabasi ya Moshi na Arusha huupita mji wa Same bila kujua kuwa lango la Zange, la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, liko kilometa chache tu kutoka hapo. Wakiulizwa wakati mzuri wa kutazama wanyama, hujibu: kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, nyasi zikiwa fupi na wanyama wamekusanyika penye maji.

Kwa Mkomazi jibu hilo halitoshi. Milima ya Pare na Usambara huzuia sehemu kubwa ya mvua itokayo Bahari ya Hindi. Mbuga hukauka mno, na tembo wengi huvuka mpaka kufuata maji ya kudumu ya Tsavo, nchini Kenya. Hurejea mvua zinyeshapo. Hivyo mwenye likizo moja kwa mwaka, na watoto wa kulipiwa viingilio, achague kwanza mnyama, ndipo achague mwezi. Anayetaka tembo aende vuli au masika, ila tope la barabara za ndani halina huruma kwa gari dogo.

Faru weusi, walioanza kurejeshwa mwaka 1997 kutoka Afrika Kusini, hawahami: wamo ndani ya uzio mwaka mzima.