Kiini cha Linux: Kwa nini masasisho ya usalama hayafai kuahirishwa

Mabilioni ya simu, pamoja na seva nyingi zinazohifadhi tovuti na barua pepe, hutegemea programu moja ambayo watumiaji hawaioni kamwe: kiini cha mfumo endeshi wa Linux. Kisa cha hitilafu iliyogunduliwa mwaka 2022 kinaeleza jinsi nyufa za kiini hicho zinavyozibwa, na mahali ambapo marekebisho hukwama njiani.

Ujumbe unaomtaka mwenye simu kusasisha mfumo ni miongoni mwa mambo yanayoahirishwa mno. Huja wakati bando limebaki kidogo au betri inakaribia kwisha, hutaja kwa maneno machache "marekebisho ya usalama", kisha hufungwa na kusahauliwa. Aghalabu mwenye simu haelezwi ni kitu gani kilichoharibika, wala ni hatari gani itakayobaki endapo hatachukua hatua.

Kiini ni programu inayokaa kati ya vifaa vya kompyuta na programu nyingine zote. Ndicho kinachoamua programu ipi ifanye kazi kwa wakati gani, ipewe nafasi kiasi gani katika kumbukumbu, na iruhusiwe kusoma au kubadilisha faili zipi. Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Leo kimo ndani ya kila simu ya Android, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoorodheshwa kuwa na nguvu zaidi duniani zinaendeshwa nacho.

Nafasi hiyo ndiyo inayofanya makosa yake yawe mazito. Programu ya kuhariri picha ikikosea, picha ndiyo huharibika. Kiini kikikosea, aliyelala ni mlinzi wa lango mwenyewe, na kila kilichomo ndani ya nyumba kinabaki bila ulinzi.

Malalamiko ya mteja mmoja

Hitilafu iliyopewa jina la Dirty Pipe, yaani bomba chafu, haikugunduliwa na mtu aliyekuwa akitafuta udhaifu wa kiusalama. Ilianza na malalamiko ya mteja wa kampuni ya kuhifadhi tovuti nchini Ujerumani mwaka 2021. Mteja huyo alipakua faili zilizobanwa zenye orodha ya watu waliotembelea tovuti yake, na moja haikufunguka. Mtaalamu wa programu Max Kellermann aliirekebisha kwa mkono, akadhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Tatizo lilirudi tena na tena. Alipochunguza seva moja alikuta faili 37 zilizoharibika katika muda wa miezi mitatu, na nyingi zaidi zilikuwa za siku ya mwisho ya mwezi. Katika faili hizo, baiti 8 za mwisho zilikuwa zimefutwa na kuandikwa nyingine, na kila mara zilikuwa zilezile. Zilifanana na mwanzo wa orodha ya yaliyomo inayowekwa mwishoni mwa furushi la ZIP. Kumbe ndivyo wateja walivyopewa kumbukumbu zao za mwezi mzima: faili za kila siku zikifungwa pamoja katika furushi moja, ya siku ya mwisho ikifuatwa papo hapo na orodha hiyo.

Ajabu ni kwamba programu iliyofunga mafurushi hayo haikuwa na ruhusa ya kuandika chochote katika faili za kila siku. Iliruhusiwa kuzisoma tu. Kellermann aliandika programu mbili ndogo za majaribio. Ya kwanza iliandika herufi A katika faili. Ya pili iliisoma faili hiyo kupitia bomba, ambayo ni njia ya ndani inayotumiwa na programu kupashana data, kisha ikaandika herufi B katika bomba hilo. Herufi B zikaonekana ndani ya faili, ingawa hakuna aliyeziandika humo. Februari 19, 2022, alifikia hitimisho kwamba kosa lilikuwa la kiini chenyewe.

Alama iliyosahauliwa

Ili kuongeza kasi, kiini huhifadhi nakala za kurasa za faili katika kumbukumbu. Programu inapotaka kupeleka faili kwenye bomba, kiini hakinakili tena, bali huelekeza bomba kwenye ukurasa uleule. Kila sehemu ya bomba huwa na alama inayosema kama data mpya inaweza kuunganishwa na ile iliyotangulia. Kosa lilikuwa hapo: wakati wa kuweka ukurasa wa faili katika bomba, alama hiyo haikufutwa. Ikiwa ilibaki kutokana na kazi iliyopita, data iliyofuata iliandikwa juu ya ukurasa wa faili, na kiini hakikuuliza tena kuhusu ruhusa.

Maana yake ni kwamba mtumiaji yeyote wa kawaida, au programu yoyote iliyokwisha kuingia katika kifaa, ingeweza kubadilisha faili ambazo iliruhusiwa kuzisoma tu, na kwa njia hiyo kujipatia mamlaka yote ya mfumo. Udhaifu huo, uliosajiliwa kwa nambari CVE-2022-0847, ulikuwapo tangu toleo la 5.8 la mwaka 2020. Tiba yake ilikuwa mistari miwili ya msimbo, inayofuta alama hiyo kabla ya kutumika.

Siku tatu kwa wengine, miezi kwa wengine

Kellermann aliwaarifu wasimamizi wa usalama wa kiini Februari 20, 2022. Siku tatu baadaye yalitolewa matoleo yaliyorekebishwa: 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102. Wingi huo wa matoleo una sababu. Kiini kipya hutolewa takriban kila baada ya wiki tisa au kumi, lakini mashirika na watengenezaji wa vifaa hawawezi kubadilisha mfumo mzima kwa kasi hiyo. Kwa hiyo matoleo kadhaa ya zamani huendelea kutunzwa, yakipokea marekebisho pekee bila vipengele vipya. Tarakimu ya mwisho inapopanda, ni ishara kwamba nyufa zimezibwa.

Taarifa kamili haikuwekwa hadharani hadi Machi 7. Kimya hicho cha siku 12 kilikuwa cha makusudi, ili wasambazaji wa mifumo wapate nafasi ya kujiandaa kabla ya wahalifu kujua njia. Hata hivyo, Aprili mwaka huohuo, wakala wa Marekani wa usalama wa mitandao, CISA, uliingiza Dirty Pipe katika orodha yake ya udhaifu uliothibitika kutumiwa na washambuliaji.

Kwa simu, safari ni ndefu zaidi. Google iliingiza marekebisho katika kiini cha Android Februari 24, lakini kutoka hapo kiraka hupitia kwa watengenezaji wa vichakataji, kisha kwa kampuni iliyounda simu, na wakati mwingine kwa mtandao wa simu, kabla ya kumfikia mtumiaji. Kila kituo hufanya majaribio yake, na kwa aina za simu zilizokwisha kuachwa na watengenezaji wake, kiraka hakifiki kabisa.

Madhara ya ucheleweshaji yalikwisha kuonekana. Hitilafu nyingine ya kiini, Dirty COW, ilikaa ndani ya Linux tangu mwaka 2007 hadi ilipozibwa Oktoba 2016. Torvalds mwenyewe alieleza kwamba alijaribu kuirekebisha miaka 11 kabla, na marekebisho hayo yakaondolewa kwa sababu yalileta matatizo kwingine. Septemba 2017, karibu mwaka mzima baada ya dawa kupatikana, kampuni ya Trend Micro ilitangaza kugundua programu haribifu iitwayo ZNIU, iliyotumia ufa huohuo kuziteka simu za Android. Dawa ilikuwapo, ila wengi hawakuwa wameinywa.

Afanye nini mwenye simu

Katika Afrika Mashariki, ambako akiba ya familia, karo za shule na mauzo ya duka hupita katika simu, suala hili si la wataalamu pekee. Msikilizaji anaweza kufungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, na kutazama tarehe ya sasisho la usalama. Tarehe hiyo ndiyo umri halisi wa ulinzi wa simu, hata kama kioo chake bado kinang'aa. Anayenunua simu iliyotumika afanye ukaguzi huo kabla ya kutoa fedha.

Baada ya kusasisha, kifaa hakina budi kuzimwa na kuwashwa. Kiini huingizwa katika kumbukumbu wakati wa kuwaka, na kile cha zamani huendelea kufanya kazi hadi kipya kipewe nafasi. Kwa seva, kuiacha bila kuiwasha upya kwa miezi ni sawa na kununua kufuli na kuiacha ndani ya boksi.

Na kwa kuwa Dirty Pipe, kama hitilafu nyingi za aina yake, humhitaji mshambuliaji awe ameshaingiza programu katika kifaa, kuepuka programu za vyanzo visivyojulikana hubaki kinga ya kwanza kwa yule ambaye simu yake haipokei tena masasisho. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kiini, ufa huzibwa na wengine, mara nyingi kwa mistari michache tu. Anachobakiziwa mwenye kifaa ni kukubali kuupokea udongo unapomfikia.