Mkono Mmoja Ukijeruhiwa: Vifaa vya Kuvaa Vinavyomwezesha Askari Kujaza Risasi Upya

Na Mwandishi Wetu

Mkanda wa kiunoni wa askari wa doria hubeba vitu vingi: bastola ndani ya ala yake, pingu, redio ya mawasiliano, tochi, na mara nyingi vifuko viwili vyenye magazini za akiba. Kwa mwananchi anayepita, mpangilio huo huonekana kuwa desturi ya mavazi ya kazi. Kwa hakika, kila kifuko kimewekwa mahali pake kwa kuzingatia namna mikono miwili inavyosaidiana: mmoja unashika silaha, mwingine unaleta magazini mpya. Makala haya yanaeleza kinachotokea pale ambapo mkono mmoja umeacha kufanya kazi, vifaa ambavyo vimebuniwa kwa ajili ya hali hiyo, na mambo ambayo mmiliki halali wa silaha anapaswa kuyafahamu kabla ya kuvutiwa na matangazo ya biashara ya vifaa hivyo.

Ni vyema kuanza na utaratibu wenyewe. Bastola ya kisasa inayojipakia hupokea risasi kutoka kwenye magazini, yaani kasha jembamba lenye springi ndani yake, ambalo huingizwa katika mpini. Sehemu ya juu ya bastola, iitwayo slaidi, hurudi nyuma kila risasi inapofyatuliwa, hutupa nje ganda tupu, kisha husonga mbele na kuchukua risasi nyingine. Risasi ya mwisho ikishatoka, bastola nyingi huiacha slaidi ikiwa imerudi nyuma na kujifunga hapo. Jambo hilo dogo lina uzito mkubwa kwa mtu mwenye mkono mmoja. Slaidi ikiwa imejifunga nyuma, anachohitaji ni kuingiza magazini mpya na kubonyeza kitasa kwa kidole gumba ili slaidi irudi mbele. Ikiwa haikujifunga, ni lazima aivute nyuma kwa nguvu, na kazi hiyo kwa kawaida huhitaji mkono wa pili.

Msomaji anaweza kuuliza kama hali hiyo hutokea mara nyingi kiasi cha kustahili kubuniwa kifaa. Jibu limo katika umbo la mwili wakati wa mapambano. Anayeelekeza bastola kwa mikono miwili huiweka mikono hiyo mbele ya kifua chake, mahali hasa ambapo mpinzani wake analenga. Mikono na vigasha huwa vya kwanza kukutana na risasi inayokuja.

Mfano unaotajwa zaidi katika vyuo vya mafunzo ya polisi ni tukio la Miami, Marekani, la tarehe 11 Aprili, 1986. Maofisa 8 wa Shirika la Upelelezi la nchi hiyo (FBI) walilisimamisha gari la washukiwa wawili wa ujambazi wa benki. Mapambano hayakufika dakika 5, lakini risasi zaidi ya 100 zilifyatuliwa, maofisa wawili, Jerry Dove na Benjamin Grogan, waliuawa, na wengine 5 walijeruhiwa. Ofisa Gordon McNeill alipigwa mkononi akashindwa kujaza upya bastola yake ya silinda. Ofisa John Hanlon naye alipigwa risasi mkononi akiwa katikati ya kujaza. Edmundo Mireles, ambaye kigasha chake cha kushoto kilikuwa kimevunjwa na risasi, aliendelea kutumia bunduki ya marisau kwa mkono mmoja. Bunduki ya aina hiyo huhitaji kuvutwa kwa mkono wa pili baada ya kila mlio, naye aliikokoa hali kwa kuibana kati ya magoti yake na kuivuta kwa mkono uliobaki. Washukiwa wote wawili walikufa hapo hapo.

Mireles hakuwa na kifaa chochote maalumu. Alitumia magoti. Wakufunzi wa silaha waliosoma taarifa za tukio hilo walijiuliza swali lililo wazi: kama mwili wa mtu unaweza kugeuzwa kuwa jiliwa la kubania silaha, kwa nini mkanda anaouvaa usitengenezwe kwa makusudi hayo?

Miaka 16 kabla yake, usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili, 1970, askari 4 wa Polisi wa Barabara Kuu wa Jimbo la California waliuawa huko Newhall, kaskazini mwa Los Angeles, wote wakiwa na umri usiofika miaka 25. Mmoja wao, James Pence, alimaliza risasi zake 6, na ingawa alikuwa ameshajeruhiwa, akaanza kujaza bastola nyuma ya gari lake. Wakati huo askari hao walibeba risasi za akiba zikiwa huru ndani ya kifuko cha ngozi, hivyo kila moja ilipaswa kuchukuliwa kwa vidole na kuingizwa katika tundu lake. Mshambuliaji alimfikia kabla hajaweza kuitumia tena silaha yake. Simulizi iliyosambaa baadaye, kwamba Pence alipoteza muda akiweka maganda matupu mfukoni kama alivyozoeshwa uwanjani, imetiliwa shaka na waliochunguza kumbukumbu za eneo la tukio, na haifai kurudiwa kama ukweli. Lililo hakika ni kwamba kikosi hicho baadaye kiliwapa askari wake vishikizo vya mviringo vinavyoshika risasi 6 kwa pamoja, ili silinda nzima ijazwe kwa tendo moja.

Tatizo lenyewe ni la kale kuliko polisi wa magari. Askari wa farasi wa karne ya 19 walikuwa, kwa hali ya kawaida, watu wa mkono mmoja, kwa kuwa mkono mwingine ulishika hatamu. Bastola ya Colt ya mwaka 1873 ililazimu maganda kutolewa moja baada ya jingine kwa kijiti, kazi isiyowezekana juu ya farasi anayekimbia. Meja George Schofield wa jeshi la Marekani aliirekebisha bastola ya Smith & Wesson ili kitasa chake kiweze kufunguliwa kwa kidole gumba cha mkono ule ule unaoishika. Bastola ilipokunjuka, maganda yote yalitoka kwa mkupuo. Huko Ujerumani, katika miaka ya 1920, kampuni ya Lignose iliuza bastola ndogo iliyoitwa Einhand, maana yake mkono mmoja, ambayo kidole cha shahada kiliweza kuvuta kilinzi cha kifyatulio na kuirudisha slaidi nyuma. Wabunifu hao waliibadili silaha yenyewe. Wabunifu wa leo wameelekeza macho yao zaidi kwenye mavazi.

Vifaa vinavyovaliwa vipo vya aina kadhaa, na urahisi wake hutofautiana sana. Hatua ya kwanza haihitaji hata kifaa kipya: ni kuhamisha kifuko cha magazini. Mtu wa mkono wa kulia kwa kawaida huvaa magazini upande wa kushoto. Mkono wa kushoto ukiumia, mkono wa kulia hulazimika kuvuka tumbo na kupapasa upande ambao hauufikii vizuri. Kwa sababu hiyo baadhi ya wakufunzi hupendekeza angalau magazini moja ivaliwe mbele, karibu na bakoli ya mkanda, mahali ambapo mkono wowote unafika.

Aina ya pili ni kishikizo kinachoigeuza kazi yenyewe. Katika kifuko cha kawaida magazini hukaa ikiwa imeelekeza mdomo chini. Huchomolewa na kupelekwa kwenye bastola. Katika kishikizo cha mkono mmoja magazini husimama ikiwa imeelekeza mdomo juu, imeshikwa imara kiunoni au pajani, na bastola ndiyo inayopelekwa kwenye magazini. Askari huachia magazini tupu idondoke, hushusha mpini wa bastola juu ya ile iliyojaa hadi isikike imejifunga, kisha huinua. Kishikizo huiachia. Kazi ya mkono wa pili inakuwa imefanywa na mkanda.

Aina ya tatu inahusu slaidi ambayo haikujifunga nyuma. Hapa hutumika ukingo wa mkanda mgumu, mdomo wa ala, au kisigino cha kiatu. Kilengeo cha nyuma cha bastola kikiwa na ukuta ulionyooka upande wa mbele, hunasa kwenye ukingo huo, na msukumo wa mkono hulazimisha slaidi irudi nyuma. Watengenezaji kadhaa sasa huchonga vilengeo vyao hivyo kwa makusudi, ilhali vilengeo vya zamani vilivyolazwa kama mteremko huteleza tu.

Yote haya yanavutia yakiwa kwenye meza ya duka. Ugumu huanza askari anapokimbia. Kishikizo kinachobana magazini kwa nguvu hakitaiachia kwa wakati. Kinachoiachia kwa urahisi kitaidondosha askari akiruka mtaro. Hakuna mbunifu aliyekwepa mvutano huo. Kila mmoja huchagua ni upande gani wa hasara ataukubali. Tena, magazini inayoelekeza mdomo juu hukusanya vumbi, mchanga na maji ya mvua mahali pale pale risasi inapopita, na punje chache za mchanga zinatosha kukwamisha bastola. Katika mazingira ya barabara za vumbi kasoro hiyo si ndogo. Kwa maoni ya mwandishi, inatosha kueleza kwa nini kifuko cha kawaida, pamoja na upungufu wake, bado ndicho kilichoenea.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, ni mwelekeo wa mtutu. Mtu mwenye mikono miwili anaweza kujaza upya huku mtutu ukielekea mbele daima. Mwenye mkono mmoja huishusha silaha kiunoni, huibana kati ya magoti au chini ya kwapa, na kila mara mtutu hupita karibu na paja, mguu au mtu aliyesimama kando. Kidole kikisalia ndani ya kilinzi cha kifyatulio, au slaidi ikinaswa vibaya, risasi itatoka. Ndiyo sababu mafunzo ya aina hii huanza na bastola tupu na risasi za mazoezi zisizo na baruti, chini ya mkufunzi, kwa muda mrefu kabla ya risasi halisi kuruhusiwa. Si zoezi la kujifunza nyumbani kwa kutazama video.

Katika mkanda huo huo kipo kifaa kingine ambacho pengine kimeokoa watu wengi kuliko vishikizo vyote vilivyotajwa: mkanda wa kubana damu. Jeshi la Marekani lilianza mwaka 2005 kuwagawia askari wake mkanda wa aina hiyo uliosanifiwa kufungwa kwa mkono mmoja, kwa kupitisha kitanzi juu ya kiungo kilichojeruhiwa na kuzungusha kijiti hadi damu ikome. Kanuni ya kuuvaa ni ile ile ya magazini ya mbele, yaani uwe mahali ambapo mkono wa kulia na wa kushoto inafika. Mtu ambaye mkono wake umepigwa risasi ana dakika chache za kuzuia damu, na mara nyingi hilo huja kabla ya suala la risasi za akiba, mara tu anapopata kinga.

Wapo pia watu ambao mkono mmoja ndiyo hali yao ya kila siku. Károly Takács, mwanajeshi wa Hungaria na mlenga shabaha, aliharibiwa mkono wa kulia na bomu la mkono mwaka 1938. Alijifunza upya kulenga kwa mkono wa kushoto, akatwaa medali ya dhahabu ya bastola katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1948 na tena Helsinki mwaka 1952. Kwa mwanamichezo au mwindaji mwenye ulemavu wa mkono, kishikizo cha mkanda au cha meza ni kifaa cha kusaidia, kama kilivyo kiti mwendo au gongo. Uwanjani hana haraka, mtutu unaelekea shabaha, na msimamizi yupo. Nusu ya hatari zilizoelezwa hapo juu haipo.

Kwa upande wa Tanzania, umiliki wa silaha za moto na risasi unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Kumiliki silaha au risasi bila leseni ni kosa la jinai, na maombi ya leseni hupitia Jeshi la Polisi. Mkanda au kishikizo, hata kiwe cha bei gani, hakimwongezei mtu haki ambayo leseni yake haikumpa. Risasi zilizo ndani ya magazini inayoning'inia kiunoni ni risasi zile zile ambazo mmiliki anawajibika kuzilinda zikiwa kabatini, na magazini iliyojaa inayokaa wazi kwenye mkanda uliotundikwa ukutani ni rahisi kufikiwa na mtoto au mwizi.

Mmiliki halali aliyepoteza uwezo wa mkono kwa ajali au maradhi, na anayefikiria kuagiza kifaa cha namna hii kutoka nje ya nchi, anashauriwa kuanzia katika kituo cha polisi kilichoshughulikia leseni yake, kabla ya kulipa fedha kwa muuzaji. Aende na leseni, na silaha yenyewe aiache ikiwa imefungiwa mahali salama hadi atakapoelekezwa vinginevyo.