Je, Wafu Wanajifahamu?

Mwezi wa saba mwaka 1994, wakimbizi mamia ya maelfu walitoka Rwanda wakaingia Goma, na kolera ikawapiga. Kwa mwezi mmoja walikufa karibu 50.000. Kambi ya Munigi iliona mengi. Mawe ya volkano yalikataa jembe, wafu wakazikwa pamoja bila majina. Mama mmoja aliyepoteza mtoto siku zile alituuliza: «Padri, yeye aliyezikwa bila jina, angali anajua jina lake?»

Ndugu wapenzi, swali hili linatudai jibu.

Wazee walisema kwamba wafuasi wa Ryangombe wanakwenda Karisimbi penye baridi, na wengine wanatupwa katika moto wa Nyiragongo. Tusiwacheke. Walishika neno la kweli: aliyekufa angali anafahamu. Walikosa kwa kuwagawa wafu kwa ibada, si kwa mapendo.

Waganga wa hospitali wanasema: moyo ukisimama, fahamu inapotea kwa sekunde chache, kwani ubongo umekosa damu. Hatukatai. Mtakatifu Tomasi wa Akwino naye alifundisha kwamba roho iliyoachana na mwili haioni kwa macho, haisikii kwa masikio. Basi haina tena kiu ya kolera. Lakini kuelewa na kutaka si kazi ya kiungo cha mwili: zinabaki, na roho inajijua. Walakini roho peke yake si mtu mzima, inangojea ufufuko.

Je, inangojea katika usingizi? Hapana. Mwaka 1336 Papa Benedikto XII alikata neno: roho safi inamwona Mungu mara baada ya kufa, yenye deni inatakaswa kwanza, iliyokufa katika dhambi kubwa inapotea. Na katika Injili ya Luka, tajiri aliyekufa aliwakumbuka ndugu zake watano.

Je, wafu wanatujua sisi? Kwa nguvu yao wenyewe, hapana. Kwa kujaliwa na Mungu, ndiyo.

Basi tulimjibu: «Mama, anajua jina lake. Mungu aliyemwumba hakulisahau. Nawe ulitaje katika Misa.»

Ninyi mtakaohubiri kesho penye makaburi, msiseme tu kwamba marehemu amelala. Mwili ndio umelala. Waombeeni wale wa Munigi, hata msiojua majina yao.