Fedha za Jimbo, Uamuzi wa Wilaya: Jinsi Shule za Umma za California Zinavyopanga Mwaka

Nchini Marekani shule za umma haziendeshwi na wizara moja iliyoko mji mkuu, bali na maelfu ya wilaya za shule, yaani mamlaka za kieneo zilizoundwa kwa ajili ya elimu peke yake, ambazo mara nyingi mipaka yake hailingani na ya miji wala ya kaunti. Katika jimbo la California kila wilaya husimamiwa na bodi ya elimu, ambayo kwa kawaida huchaguliwa na wakazi, nayo bodi humwajiri msimamizi mkuu. Huyu huandaa na kutekeleza sera, mipango na bajeti, ilhali bodi ndiyo inayozipitisha. Ugumu wa utaratibu huu ni kwamba wanaoamua matumizi si wanaoamua mapato.

Hali hiyo ina historia yake. Zamani wilaya ilitegemea zaidi kodi ya ardhi na majengo ya eneo lake, kwa hiyo penye utajiri palikuwa na shule zenye fedha. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya California, katika kesi ya Serrano dhidi ya Priest, ilionesha kwamba katika mwaka wa masomo wa 1968–69 wilaya ya Baldwin Park ilitumia dola 577 kwa kila mwanafunzi na Beverly Hills dola 1,232, ingawa wakazi wa Baldwin Park walitozwa kodi kwa kiwango kilichozidi mara mbili kile cha Beverly Hills. Kisha mwaka 1978 wapiga kura walipitisha Pendekezo la 13, lililoweka ukomo wa kodi hiyo kuwa asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa ya mali, na tangu hapo serikali ya jimbo ikawa na sauti kuu katika ugawaji wa fedha za shule, huku ikiambatanisha nyingi kati ya hizo na masharti ya matumizi.

Sheria ya mwaka 2013, iliyotiwa saini na Gavana Jerry Brown, ilifuta mengi ya masharti hayo na kuweka kanuni yenye sehemu tatu. Ruzuku ya msingi hukokotolewa kwa wastani wa mahudhurio ya kila siku, si kwa idadi ya walioandikishwa, hivyo utoro hupunguza mapato ya wilaya. Ruzuku ya nyongeza huongeza asilimia 20 kwa kila mwanafunzi wa familia yenye kipato kidogo, anayejifunza Kiingereza, au anayelelewa nje ya familia yake chini ya usimamizi wa serikali. Mwanafunzi mwenye sifa mbili au zaidi huhesabiwa mara moja tu. Ruzuku ya tatu hutolewa pale ambapo wanafunzi wa makundi hayo wanazidi asilimia 55 ya wote.

Kwa kupewa uhuru huo, wilaya inatakiwa kueleza inavyoutumia. Huandaa mpango wa miaka mitatu, unaohuishwa kila mwaka, ambao huoanisha malengo, hatua na gharama katika maeneo manane yaliyowekwa na jimbo, yakiwemo sifa za walimu na hali ya majengo, ufaulu, mahudhurio, nidhamu na ushiriki wa wazazi. Kamati ya ushauri ya wazazi huupitia, na msimamizi mkuu hulazimika kujibu maoni yake kwa maandishi. Baadaye bodi husikiliza wananchi katika mkutano mmoja na kupitisha mpango pamoja na bajeti katika mwingine, na ajenda ya mikutano ya kawaida hutangazwa saa 72 kabla.

Kalenda ndiyo inayobana zaidi. Gavana hutoa rasimu ya bajeti ya jimbo kufikia Januari 10 na kuirekebisha katikati ya Mei, Bunge la jimbo huipitisha kufikia Juni 15, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Hata hivyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya matumizi ya wilaya ni mishahara na marupurupu, na sheria inataka walimu wanaoweza kupunguzwa waarifiwe kufikia Machi 15, wilaya hulazimika kukadiria idadi ya watumishi kabla haijajua mapato yake kwa uhakika. Ndiyo maana hutakiwa kuweka akiba na kuonesha kuwa itamudu gharama zake katika mwaka husika na miwili inayofuata, huku ofisi ya elimu ya kaunti ikiikagua. Ikishindwa kabisa, jimbo huikopesha na bodi yake hunyang'anywa usimamizi, kama ilivyotokea Oakland mwaka 2003.

Mzazi anayesubiri mkutano wa hadhara wa Juni, kwa hiyo, hukuta hoja nyingi zimekwisha kuamuliwa, kwa sababu programu zitakazobaki na nafasi za kazi zitakazofutwa hujadiliwa tangu miezi ya baridi. Anayetaka maoni yake yaingie katika bajeti hana budi kuyapeleka kwenye kamati wakati mpango ungali rasimu.